NCHI JIRANI: WAYA ULIOVUKA MPAKA

Tarehe 1 Julai 1966, katika ramani za kijeshi za Ulaya, safu ya milima ya Alps ilikuwa bado ikihesabiwa kuwa ni ngome. Miaka 57 baadaye, siku na mwezi ule ule, tarehe 1 Julai 2023, njia mpya ya magari yanayokwenda juu ya nyaya za chuma ilifunguliwa katika milima hiyo, na abiria wakaanza kuvuka kutoka Uswisi kwenda Italia wakiwa wameketi kama waketivyo abiria wa basi. Chini yao ulikuwa mto wa barafu. Juu yao ulikuwa mlima Matterhorn, wenye urefu wa mita 4,478, ambao upande mmoja ni wa Waswisi na upande wa pili ni wa Waitalia. Mpaka wa nchi mbili walikuwa wameuvuka bila ya kukanyaga theluji.

Ndugu msikilizaji, huenda jambo hili likaonekana kuwa ni anasa ya matajiri wa Ulaya wanaopenda mchezo wa kuteleza juu ya theluji, na kwamba halimhusu askari wa jeshi wala askari wa polisi aliye lindoni kwenye joto la Afrika. Kwa hakika linamhusu. Waya unaovuka mpaka huzusha maswali yale yale anayokutana nayo kila mlinzi wa mpaka: nani ana amri, nani anajibu panapotokea ajali, nani anakagua abiria na mizigo, na nini kifanyike mpaka wenyewe unapohama. Majirani wa Alps wamejibu baadhi ya maswali hayo vizuri. Mengine wameyajibu baada ya kuzika watu.

Kwanza yafaa kueleza mahali penyewe. Upande wa Uswisi uko mji wa Zermatt, wenye kimo cha mita 1,600 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Upande wa Italia uko mji wa Breuil-Cervinia. Miji hii miwili inatazamana kama nyumba mbili zilizopakana kwa ukuta wa nyuma. Ukuta wenyewe ni mlima. Mwenye gari anayetaka kutoka mji mmoja kwenda wa pili hana budi kuizunguka milima kwa mwendo wa saa kadhaa. Waswisi walikwishajenga mwaka 1979 njia ya magari ya nyaya iliyofika kwenye kilele kiitwacho Klein Matterhorn, chenye kimo cha mita 3,883, na kituo chake ndicho kituo cha juu kuliko vyote vya aina hiyo barani Ulaya. Waitalia nao walikwishafika mpakani, mahali paitwapo Testa Grigia, tangu mwishoni mwa miaka ya 1930. Baina ya vituo hivi viwili palibaki pengo. Waliojua kuteleza juu ya theluji waliweza kulivuka. Mzee, mtoto, au mgeni asiyejua mchezo huo hakuweza. Pengo hilo la kilometa 1.6 tu ndilo lililozibwa mwaka 2023.

Ufundi wake ni wa kupendeza. Katika njia za namna hii hutumika nyaya tatu. Mbili ni nene na hazitembei. Hizo hubeba uzito wa vibanda, mfano wa reli mbili zilizotandikwa angani. Wa tatu huzunguka daima ukivutwa na mitambo, na kila kibanda huushika kwa koleo la chuma, kikaburutwa hadi kituoni. Kwa kuwa kibanda kimeegemea nyaya mbili zilizoachana, upepo hausukisuki ovyo, na njia huweza kufanya kazi hata katika upepo ambao ungezisimamisha njia za zamani. Kati ya Testa Grigia na Klein Matterhorn haukusimamishwa mnara hata mmoja, kwa maana nguzo haiwezi kusimikwa salama katika barafu inayotembea. Vibanda ni kumi, kila kimoja kina viti 28, na njia inaweza kupitisha watu 1,300 kwa saa.

Msikilizaji asidhani kwamba kuvuka mahali hapo ni jambo la juzi. Karibu na hapo uko upenyo wa Theodul, wenye kimo cha mita 3,295, na sarafu za zama za Warumi zimeokotwa huko. Kwa karne nyingi wafanyabiashara na wachungaji waliupitia wakienda kutafuta riziki upande wa pili. Watu wa mabonde walikuwa majirani kabla ya kuwako pasipoti.

Wala waya wenyewe haukuzaliwa katika starehe. Askari ndio walioufanya kuwa kitu cha kila siku katika vilele vya Alps. Italia ilipoingia katika Vita Vikuu vya Kwanza mwezi Mei 1915, majeshi yake na majeshi ya Austria-Hungaria yalikabiliana katika vilele vyenye kimo cha zaidi ya mita 3,000. Mizinga ilikokotwa hadi huko. Nyumbu walishindwa, wapagazi walikufa kwa baridi, na hapo wahandisi wa majeshi yote mawili wakatandika nyaya kutoka mabondeni hadi vileleni. Kwa nyaya hizo zilipanda risasi, unga na kuni. Kwa nyaya hizo hizo waliteremshwa majeruhi. Hata hivyo mlima uliua bila ya kutazama bendera. Tarehe 13 Desemba 1916, poromoko moja la theluji katika mlima Marmolada lilifukia kambi ya askari wa Austria-Hungaria na kuua mamia kwa dakika chache. Leo katika milima hiyo hiyo watalii wanapanda magari ya nyaya, na mahandaki ya vita yamekuwa makumbusho. Kitu kilichobuniwa kumlisha askari apate kumpiga jirani yake, sasa kinampeleka jirani kwa jirani.

Njia ya Matterhorn nayo haikuwa ya kwanza kuvuka mpaka kwa fahari. Magharibi yake uko mlima Mont Blanc, baina ya Ufaransa na Italia. Mwaka 1955 ilifunguliwa njia kutoka mji wa Chamonix, upande wa Ufaransa, hadi kilele cha Aiguille du Midi chenye kimo cha mita 3,842. Aliyeibuni alikuwa Mwitalia, Dino Lora Totino. Halafu ikajengwa, kati ya mwaka 1957 na 1958, njia ya pili ya kiasi cha kilometa tano, kutoka kilele hicho juu ya barafu hadi Pointe Helbronner, mpakani mwa Italia. Vibanda vyake ni vidogo, vya watu wanne, na husafiri vikundi vikundi. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimekwisha miaka 13 tu iliyopita, na mwezi Juni 1940 majeshi ya nchi hizi mbili yalikuwa yamepigana katika milima hii hii. Waya huo ulikuwa ushahidi kwamba waliopigana wanaweza kujenga pamoja.

Lakini haikupita miaka minne kabla ya msiba. Tarehe 29 Agosti 1961, ndege ya kivita ya Jeshi la Anga la Ufaransa, aina ya F-84F, ilipita juu ya barafu ile ikiwa chini mno, ikakata waya wa kuvutia. Vibanda vitatu vilianguka. Watu sita walikufa. Makumi ya abiria wengine walibaki wananing'inia angani, na wako waliolala humo usiku kucha katika baridi, huku waongozaji wa milimani na waokoaji wakihangaika kuwafikia. Ndege yenyewe, pamoja na kuharibika, ilitua salama na rubani wake akashuka mzima. Adui hakuwapo. Vita haikuwapo. Waliokufa walikuwa raia waliokwenda kutazama mandhari, na kilichowaua kilikuwa silaha ya nchi iliyokuwa imewafungulia njia.

Ungetarajia kwamba funzo kama hilo lisingesahauliwa. Lilisahauliwa. Tarehe 3 Februari 1998, katika bonde la Cavalese, kaskazini mwa Italia, ndege ya kikosi cha Marine cha Marekani aina ya EA-6B, iliyoruka kutoka kituo cha Aviano kwa mazoezi, ilikata waya wa gari lililokuwa likiteremka. Kibanda kilianguka zaidi ya mita 80. Watu 20 walikufa, wote waliokuwamo, na walikuwa raia wa nchi kadhaa za Ulaya. Uchunguzi wa jeshi la Marekani lenyewe ulieleza kwamba ndege iliruka chini kuliko ilivyoruhusiwa na kwa mwendo mkubwa kuliko ulioruhusiwa. Ikadhihirika pia kwamba waya ule haukuonyeshwa katika ramani waliyopewa wanajeshi hao, ingawa wenyeji wote waliujua.

Kilichofuata kiliwaudhi majirani kuliko hata ajali yenyewe. Waendesha mashtaka wa Italia walitaka kuwashtaki wanajeshi hao nchini Italia. Haikuwezekana, kwa sababu chini ya mkataba wa nchi za NATO wa mwaka 1951 kuhusu majeshi yanayokaa katika nchi ya mwenzake, mamlaka ya kuwahukumu yalikuwa ya Marekani. Mwezi Machi 1999 mahakama ya kijeshi ya Marekani ilimwachilia rubani katika shtaka la kuua bila ya kukusudia. Ilijulikana pia kwamba mkanda wa picha uliochukuliwa ndani ya ndege ulikuwa umeharibiwa. Kwa kosa hilo la kuzuia haki isitendeke, rubani alihukumiwa kifungo cha miezi sita na kufukuzwa jeshini, na mwenzake aliyekuwa akiongoza njia naye akafukuzwa.

Hapa askari anayesikiliza hana budi kusimama na kufikiri. Yako makosa mawili katika kisa hicho, na hayalingani. La kwanza ni kuruka chini kuliko amri. Kosa hilo laweza kutokana na majigambo ya ujana, au uzembe, au ramani mbovu, na mkuu aliyewapa vijana ramani mbovu naye ana sehemu yake ya lawama. La pili ni kuharibu ushahidi. Hilo halitokani na ujana wala ramani. Hutendwa kwa makusudi, injini zikiwa zimezimwa na akili ikiwa imetulia. Kosa la kwanza liliua watu 20. La pili liliua imani. Mwananchi wa Cavalese aliweza kuelewa kwamba ndege inaweza kukosea; hakuweza kuelewa kwa nini aliyevaa sare amfiche ukweli mtu aliyefiwa. Jeshi linaloruhusiwa kukaa au kupita katika nchi ya jirani huishi kwa imani hiyo, na ikivunjika hakuna mkataba unaoweza kuirudisha.

Funzo jingine linatoka chini ya mlima, wala si juu yake. Chini ya Mont Blanc uko upenyo wa barabara uliochimbwa kuunganisha Ufaransa na Italia, wenye urefu wa kilometa 11.6, ambao ulifunguliwa mwaka 1965. Kwa miaka zaidi ya thelathini nusu moja ilisimamiwa na kampuni ya Kifaransa na nusu ya pili na kampuni ya Kiitaliano, kila moja ikiwa na chumba chake cha uongozi kwenye mlango wake. Tarehe 24 Machi 1999 lori moja liliwaka moto katikati. Watu 39 walikufa. Wachunguzi walionyesha kwamba mojawapo ya mambo yaliyouzidisha msiba huo ni ukosefu wa uratibu kati ya pande mbili: hapakuwa na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuamua juu ya upenyo mzima, na moshi haukungoja wakubwa wapatane. Wahenga walisema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Upenyo ulipofunguliwa tena mwaka 2002, ulikuwa chini ya uongozi mmoja wa pamoja.

Linganisha na yaliyotokea juu ya barafu miaka 17 baadaye. Alasiri ya tarehe 8 Septemba 2016, nyaya za njia ile ya Aiguille du Midi na Pointe Helbronner zilipishana vibaya, na vibanda vyote vikasimama. Watu 110 walikuwa wamenaswa angani, wengine upande wa Ufaransa, wengine karibu na Italia. Safari hii hakuna aliyeuliza ni abiria wa nani. Helikopta za Ufaransa na za Italia ziliruka pamoja, na askari wa kikosi cha milimani cha polisi wa Kifaransa, ambao kazi yao ya kila siku ni kuokoa watu katika vilele hivyo, waliteremka kwa kamba hadi kwenye vibanda. Waliendelea hadi giza na mawingu yalipowazuia. Watu 33 walilala humo, wakiwa wamepelekewa mablanketi na vyakula, na asubuhi nyaya zilipoachanishwa wakafikishwa vituoni. Hakuna aliyekufa.

Tofauti ya mwaka 1999 na mwaka 2016 haikuwa bahati. Waokoaji wa Chamonix na wa Courmayeur hufanya mazoezi pamoja, hufahamiana kwa sura, na wanajua ni mtambo gani wa jirani unaweza kufanya kazi gani. Siku ya ajali si siku ya kutafuta namba ya simu ya mwenzako ng'ambo ya mpaka. Kituo cha polisi cha mpakani ambacho mkuu wake hajapata kunywa kahawa na mkuu wa kituo cha upande wa pili, kitayaona madhara yake siku ambayo basi litapinduka kwenye daraja la mpakani, au moto utakapovuka kutoka pori la nchi moja kwenda la nchi ya pili.

Wapo wanaopenda kusema kuwa ajali haina kinga. Historia ya magari ya nyaya inawakanusha. Tarehe 9 Machi 1976, miaka 22 kabla ya ndege ile, Cavalese hiyo hiyo ilipata ajali nyingine iliyoua watu zaidi ya 40, baada ya waya mmoja kukatwa na mwenzake ilhali kifaa cha kusimamisha mitambo kilikuwa kimezimwa. Tarehe 23 Mei 2021, katika mlima Mottarone nchini Italia, waya wa kuvuta ulikatika na kibanda kikaporomoka. Watu 14 walikufa na aliyesalia alikuwa mtoto mmoja tu. Uchunguzi ulionyesha kwamba breki ya dharura, ambayo ingekishika kibanda, ilikuwa imefungwa kwa vyuma isifanye kazi, kwa sababu ilikuwa ikijikaza mara kwa mara na kukatiza safari. Mtu aliifunga kinga kwa mkono wake. Askari aliyewahi kuona silaha ikikaguliwa kwa karatasi tu, au gari la doria likitoka na breki mbovu kwa kuwa safari ni fupi, anaelewa jambo hili bila ya kufafanuliwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na saa nyingine hupati hata nafasi ya kuujenga.

Linabaki swali la ulinzi wa mpaka wenyewe. Uswisi si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, ila mwezi Desemba 2008 ilianza kuutekeleza mkataba wa Schengen, ambao umeondoa ukaguzi wa kawaida wa pasipoti baina ya nchi zilizomo. Kwa hiyo abiria wa Testa Grigia hapangi foleni kugongewa muhuri. Hata hivyo anatakiwa awe na kitambulisho chake, na sheria za forodha ziko pale pale, kwa maana Uswisi haimo katika umoja wa forodha wa majirani zake. Mtu anaweza kupita bila ya kusimamishwa. Shehena ya nyama, divai au tumbaku inaweza kuulizwa. Mpaka ulio wazi haukosi walinzi. Unao walinzi waliokubaliana wanatafuta nini, wakaacha kuwasumbua mabibi na watoto ili wapate muda wa kumtazama mhalifu.

Jambo la ajabu kuliko yote katika habari hii halihusu waya bali barafu iliyo chini yake. Katika sehemu nyingi za Alps mpaka wa Uswisi na Italia unafuata mstari unaogawa maji: yanayotiririka kaskazini ni ya Uswisi, yanayotiririka kusini ni ya Italia. Penye barafu, mstari huo uko juu ya barafu. Barafu ikiyeyuka, mstari unahama. Mto wa barafu wa Theodul ulipoteza takriban robo ya ukubwa wake kati ya mwaka 1973 na 2010, na matokeo yake nyumba moja ya wageni ya Waitalia, iliyojengwa mwaka 1984 hapo Testa Grigia katika ardhi ya Italia, ikajikuta sehemu yake kubwa imo Uswisi. Meza zilikuwa pale pale. Mpishi alikuwa yule yule. Nchi ndiyo iliyopita chini yao.

Katika mabara mengine, na hata Ulaya yenyewe katika karne zilizopita, askari wamekufa kwa ajili ya kipande cha ardhi kidogo kuliko hicho. Hapa hakupelekwa hata mgambo. Tume ya wapima ardhi wa nchi zote mbili ilikaa kuanzia mwaka 2018, wakapatana mwaka 2021, na mwezi Septemba 2024 serikali ya Uswisi ikaidhinisha mabadiliko ya mpaka katika sehemu hiyo. Huko nyuma, wakati mazungumzo yakiendelea, wageni waliendelea kula chakula chao na wajenzi wakaendelea kuvuta nyaya zao.

Si kwamba majirani hao hawana magomvi. Juu ya kilele cha Mont Blanc, Ufaransa na Italia hazijakubaliana hadi leo mstari unapita wapi, ingawa ramani zinazobishaniwa ni za karne ya 19. Mwezi Septemba 2015 viongozi wa Chamonix walifunga lango la kuingilia barafuni karibu na kituo cha Waitalia, wakisema kwamba ni kwa usalama wa wapanda milima, na Italia ikalalamika kwamba lango lile liko kwake. Barua ziliandikwa, mabalozi walikutana. Vibanda vya magari ya nyaya havikusimama. Ugomvi wa mpaka ukiwa mikononi mwa wapima ardhi na mabalozi hubaki kuwa ugomvi wa karatasi. Ukitupwa mikononi mwa askari wa zamu, bila ya maelekezo, waweza kuwa jambo jingine.

Haifai pia kuusifu ujenzi huu kupita kiasi. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wenye Zermatt na Cervinia walitaka kufanya mashindano ya kwanza ya Kombe la Dunia ya kuteleza yanayoanzia Uswisi na kumalizikia Italia. Mwaka 2022 theluji haikutosha. Mwaka 2023 upepo na theluji nyingi vikazuia. Mbio zote zilizopangwa katika miaka hiyo miwili hazikufanyika hata moja. Mwezi Oktoba 2023 mitambo ya kuchimba ilionekana ikikwangua barafu ili kutengeneza njia, na wakuu wa jimbo la Valais wakaamuru kazi isimame katika sehemu zisizokuwa na kibali. Katika miaka hiyo hiyo miwili, 2022 na 2023, barafu ya milima ya Uswisi ilipungua kwa kiasi cha asilimia 10. Na tarehe 3 Julai 2022 kipande cha barafu ya Marmolada kilibomoka na kuua watu 11. Waya mpya umefungwa juu ya kitu kinachoondoka, na wajukuu wa waliouzindua huenda wakavuka mwamba mtupu.

Msikilizaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kwenda mbali kuona mfano wa mpaka unaohama. Mto Songwe, ulio mpaka wa Tanzania na Malawi, hubadili njia yake wakati wa mafuriko, na mkulima aliyelala nchi moja huamka shamba lake likiwa ng'ambo. Serikali mbili hizo zimechagua kuweka mpango wa pamoja wa kuutuliza mto na kuyatumia maji yake. Hiyo ndiyo njia ya Testa Grigia, ingawa huko ni barafu na huku ni matope. Na mwaka 2019 serikali ya Tanzania iliposema kuwa inafikiria kuweka magari ya nyaya katika mlima Kilimanjaro, wapagazi na waongozaji wa watalii walieleza hofu yao kwamba watapoteza kazi. Mabishano ya namna hiyo ni haki. Waalps nao wanabishana mpaka leo.

Kwa askari, yaliyo muhimu ni machache na yako wazi. Amri ya kimo cha kuruka, ya mwendo wa gari au ya mpaka wa doria, haikuwekwa ili kumnyima kijana raha yake. Mara nyingi iliandikwa baada ya mtu kufa. Ramani ya jirani hapana budi isomwe pamoja na ramani ya kwako, kwa maana anachokijua mwanakijiji wa ng'ambo huenda makao yako makuu hayakijui. Penye kazi ya nchi mbili pawe na amri moja, nayo ijulikane kabla ya siku ya hatari. Na kosa likishatendeka, lisemwe. Waya wa Mont Blanc ulipokatwa mwaka 1961 uliungwa tena, na bado unafanya kazi. Waya wa chuma huungika. Mkanda uliochomwa haurudi, wala neno la askari aliyekwisha kujulikana kuwa ni mwongo.